Mtumbwi Uliogeuzwa Kaunta

Mtumbwi wa mwisho alioutengeneza baba yangu haukuingia ziwani hata siku moja. Ulikaa hatua thelathini kutoka majini, juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa la makuti yaliyoletwa kwa lori kutoka pwani kana kwamba Mwanza hatuna nyasi, na watu wakawa wanaegemeza viwiko juu yake wakinywa bia baridi. Nalisema hili mapema ili asiyependa habari za huzuni aishie hapa. Mimi mwenyewe imenichukua miaka mingi kuweza kuzisimulia bila kukasirika, na hata sasa hasira haijaisha yote.

Ufukwe wenyewe uko upande wa Kirumba, mbele kidogo ya Mwaloni. Nilipokuwa mtoto haukuwa na mwenyewe. Wanawake walifua juu ya mawe, wengine walianika dagaa, na mwishoni kabisa walikaa mafundi mitumbwi watano au sita, baba akiwa mmoja wao. Alizaliwa Ukerewe, si mbali na Nansio, akafundishwa kazi na baba zake wakubwa, kisha akavuka kuja Mwanza kabla mimi sijazaliwa. Pale chini palijaa maranda ya mbao, ukitembea peku huumii. Mchana nilimpelekea ugali wa muhogo na samaki, naye alilipokea bakuli kwa mikono miwili na kusema, "Asante, mama." Nilikuwa na miaka saba. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na nyumbani kwetu hakuwahi kuniita vinginevyo.

Kisha zikaja zile siku ambazo neno ruksa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Maduka tuliyozoea kuyaona na rafu tupu yakajaa sabuni za rangi rangi na redio za kaseti. Viwanda vya minofu ya sangara vikachomoza kando ya ziwa, na asubuhi ukawaona wafanyakazi wake wakipita na mabuti meupe ya mpira. Ufukweni kwetu akaja mwanamume wa makamo, shati limechomekewa vizuri, na karatasi za kiwanja mkononi. Hakuwa mkorofi, na hilo ndilo linaloniuma, maana mkorofi ungemtukana ukapumua. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, ndipo akapigilia vigingi. Alieleza kwamba pale patakuwa na hoteli ya ufukweni, bembea za watoto, boti ya kuwazungusha wageni na muziki kila Jumamosi. Mafundi wakaambiwa watafute pengine. Wengi walihamia Igombe, na mmoja akarudi kwao kulima.

Yule bwana alimwita baba pembeni.

"Mzee, wewe usiondoke kwanza," alimwambia. "Nitengenezee mtumbwi mmoja mkubwa, mzuri kuliko yote uliyowahi kutengeneza. Ukinipendeza, utabaki hapa hapa. Nitakutengea kona yako."

Baba alikuwa anakaribia miaka sitini na miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Igombe hakuna aliyemjua. Hiyo kona ndiyo ilikuwa kila kitu, na aliifanya kazi ile kama mtu aliyelielewa hilo. Aliamini kwamba mtumbwi huo utabeba wageni, kwamba ukipendwa utaagizwa wa pili na wa tatu, na kwamba chema chajiuza. Hakuuliza zaidi. Mtu akiagiza mtumbwi, utamwuliza wa nini?

Hapo lazima nieleze jambo la kazi yao. Seremala wa vitanda huanika mbao mpaka zikauke kabisa. Fundi mtumbwi aliyefundishwa kama baba hataki mbao kavu mno. Anaziacha na ubichi kidogo, anazipanga, anasokota pamba na kuishindilia katikati yake kwa patasi butu, anapaka mafuta, na anajua kwamba ziwa litamalizia. Mbao zikiingia majini huvimba, zikabanana mpaka maji yakose njia. Kwa hiyo mtumbwi mpya huzamishwa kwa mawe kwenye maji ya kina kifupi kwa siku tatu. Wao husema unanyweshwa. Katika siku hizo tatu fundi hakubali kwamba kazi imekwisha, hata umwulize mara ngapi. Siku ya nne huinuliwa, fundi anapiga kasia la kwanza yeye mwenyewe na mwenye chombo amekaa mbele yake, wanazunguka kidogo na kurudi. Hapo ndipo anamkabidhi kasia. Kabla ya hapo, mtumbwi bado ni wa fundi.

Siku ya kuuchukua nilikuwepo. Wanaume wanane waliubeba mabegani, na baba akatangulia mbele kuelekea majini.

"Mzee, unakwenda wapi?" yule bwana aliita. "Upandisheni huku barazani. Hiyo ndiyo kaunta yangu."

Baba alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akamwona seremala wa samani akisubiri barazani na msumeno.

"Bosi, huu bado haujarara majini," alisema. Alitaka kusema haujalala; kwao Ukerewe wengi huzibadilisha herufi za l na r, na baba hakuwahi kuzipatanisha.

"Mzee wangu, hauendi majini huu. Utakaa hapa watu waupende. Mjini kwa wenzetu ndiyo mtindo."

Yule seremala aliukata ubavuni, akafungua nafasi ya mhudumu kupita. Baba alisimama pale mpaka kipande kikaanguka. Jioni hakula. Alikaa kwenye kigoda, akasema mara moja tu, "Wameukata ubavuni."

Hata hivyo yule bwana alitimiza ahadi. Baba alipata kona yake, nyuma kabisa karibu na tangi la maji, akawa anatengeneza viti vilivyovunjika na kupaka rangi bembea.

Hoteli ikafunguliwa na ikajaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walituandikia ukutani kwa rangi nyekundu, na sijui huyo mwenyeji aliyepona alikuwa nani. Jumapili baada ya ibada familia zilitoka Mirongo na vilimani zikaja na watoto waliovaa soksi nyeupe. Kulikuwa na chipsi kuku, ungo wa televisheni juu ya paa, mpiga picha aliyevaa kofia ya majani, na boti ya injini iliyozunguka mbele ya mawe na kurudi. Watu waliozaliwa Mwanza wakawa wanalipa kiingilio kulitazama ziwa. Sitaki kuwacheka sana, maana mimi nilipapenda. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yasiyosemeka, na rafiki yangu wa shule aliponiambia wanatafuta wahudumu, nilikwenda. Hakuna aliyeuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilipewa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, na kwa mara ya kwanza maishani nikajiona ni mtu wa mjini.

Nilipomweleza baba, alifikiri kidogo. "Kazi ni kazi, mama," alisema. "Ila uwe unavaa viatu, saruji ile ina baridi."

Haikupita miezi mitatu mtumbwi ukaanza kuachana. Mbao zilizokuwa zikingoja maji zikapata jua na upepo badala yake. Zikasinyaa, pamba ikachungulia nje, na wateja wakawa wanachomeka vizibo na vichungi vya sigara kwenye nyufa. Yule bwana alidhani mzee amemfanyia kazi mbovu, na alisema hivyo mbele ya watu. Baba hakubishana. Kesho yake alitoka konani kwake na ndoo, akashuka ziwani, akapanda na maji, akaanza kuumwagilia mtumbwi kutoka mbele hadi nyuma, polepole, huku akichomoa vile vizibo kwa kucha.

Akafanya hivyo kila siku. Asubuhi mara moja, mchana mara moja. Mwanzoni alifukuzwa kwa sababu analowesha sakafu. Baadaye wateja wakamzoea, wakaanza kumngoja, na yule bwana akagundua kwamba mzee na ndoo yake ni kivutio kama bembea. Mpiga picha alikuwa anawasimamisha watu kando yake. Walimwuliza maswali ili tu wasikie anavyotamka, kisha wanarudia maneno yake mezani na kucheka. Walimpa na jina la utani, ambalo sitaliandika hapa. Nyufa hazikuziba. Ndoo mbili kwa siku haziwezi kufanya kazi ya ziwa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nadhani alikuwa anauomba radhi.

Mimi nilipita na sinia. Nilijifunza kugeukia upande mwingine anapopanda na ndoo. Tulitoka nyumbani pamoja asubuhi, na tukikaribia geti mimi nilikaza mwendo, naye, bila kuambiwa, alipunguza wake.

Kulikuwa na karani wa kiwanda kimoja cha minofu aliyekuja kila Jumapili na kukaa kwenye meza zangu. Alijipulizia manukato mengi kuishinda harufu ya samaki. Alikuwa akiniambia kwamba nina macho mazuri, na mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jumapili moja, baba akiwa ameinama kwenye kaunta, karani akanishika mkono.

"Hivi huyu babu ni nani? Ni kichaa au?"

Meza nzima ilinitazama. Ningeweza kusema chochote. Ningeweza kusema sijui.

"Aah, ni kibarua tu," nilijibu. "Wanamwachia kwa kumhurumia."

Walicheka. Nilipogeuka, baba alikuwa amenyooka, ndoo mkononi, hatua nne kutoka kwangu. Hakukunja uso. Alinitazama jinsi alivyokuwa akiutazama ubao kabla ya kuukata, akihakikisha amepima sawasawa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye njia yake.

"Samahani, dada," alisema. "Naomba nipite."

Nikampisha.

Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani. Nilijiandaa kugombezwa, hata kupigwa, na ningeshukuru. Baba alikuwa amefika kabla yangu. "Umechoka, mama," alisema. "Maji ya moto yapo." Hakulitaja jambo lile siku ile, wala kesho yake, wala milele. Ila kuanzia hapo, ndani ya geti la hoteli, mimi nilikuwa dada. Dada, habari ya kazi. Dada, kuna glasi imeanguka kule. Alilisema kwa heshima kamili, bila kejeli, ili asije akaniumbua mbele ya watu niliowachagua. Nilikuwa nimesema uongo mmoja, na baba yangu akaubeba pamoja na ndoo zake.

Kila siku nilisema nitaukata uongo ule. Nitamwita baba kwa sauti, pale pale, kila mtu asikie. Nilitafuta siku inayofaa. Karani alihamishiwa kwingine na sikumkumbuka hata wiki mbili, kwa hiyo siwezi kumsingizia. Aibu ilikuwa yangu. Ilikwisha kuwa mazoea, na mazoea yana taabu.

Mwaka uliofuata miguu ilimvimba sana. Asubuhi moja alipanda kutoka ziwani akisimama kila hatua ya tatu, maji yakimwagikia suruali. Baraza lilikuwa na watu. Niliweka sinia chini, nikamwendea, nikaipokea ile ndoo. Nilishangaa uzito wake. Nikaumwagilia mtumbwi mimi mwenyewe, kutoka mbele hadi nyuma, polepole kama yeye, na yeye amesimama ameshika nguzo. Nikamrudishia ndoo. Wateja wakatutazama, na lile neno moja, baba, lilikuwa tayari kutoka. Nilifungua mdomo.

Akaniwahi. "Asante, dada," alisema kwa sauti, wote wasikie.

Nikaufunga mdomo. Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Hakurudi tena hotelini. Alilala siku kumi na moja nyumbani, nami nikawa napeleka sinia kwenye meza za watu na kurudi kumkanda miguu kwa maji ya chumvi. Nyumbani nilimwita baba mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Aliitika kila mara. Tulimvusha kwa meli kwenda Nansio, tukamzika kwao, karibu na baba zake wakubwa waliomfundisha kusokota pamba.

Niliporudi kazini, mtumbwi ulikuwa umepasuka vibaya. Kwenye ufa mmoja mtu alikuwa amechomeka vizibo saba, kimoja juu ya kingine. Yule bwana alikuwa anapima baraza na fundi wa vigae, kwa sababu kaunta za vigae ndiyo zilikuwa mtindo sasa. Aliniona nikiichukua ndoo nyuma ya tangi.

"Bora umekuja," alisema. "Yule mzee wa ndoo mbona haonekani? Nataka auchukue mtumbwi wake, au nitaupasua uwe kuni za jikoni."

"Amefariki, bosi," nilisema. "Tumemzika Ukerewe. Alikuwa baba yangu."

Fundi wa vigae akaacha kupima. Yule bwana akavua kofia yake. Niliona kwamba amehuzunika kweli.

"Muda wote huu mlikuwa hapa wawili," alisema. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Niliulizwa mara moja," nikamjibu, "nikasema ni kibarua."

Nikashuka ziwani kuchota maji.