Farasi Niliyemchora kwenye Ubao wa Sinema

Siku ya kwanza kazini nilipewa brashi mbili, kopo la rangi nyeupe na ubao mweusi mrefu kuliko mimi. Ilikuwa Mbinga mjini, kwenye banda la video nyuma ya soko. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kwa aibu niliyokuwa nayo nilitembea natazama chini. Mkurugenzi, ndivyo tulivyomwita mwenye banda, alinitazama nikiandika neno moja, akacheka.

"Binti, unaandika kama unapanda kahawa! Shimo moja, mche mmoja. Lakini inasomeka. Kesho uje."

Ninyi mnaotazama sinema kwenye simu hamjui kazi ya ubao. Kila sinema ilitangazwa nje ya banda kwa maandishi na picha. Mwandishi alipaswa kuionja kwanza, yaani kuitazama peke yake asubuhi, ili asitangaze kisichokuwemo. Ndani alikaa Mtafsiri na maiki yake, akigeuza maneno ya wageni kuwa Kiswahili palepale sinema ikiendelea. Ukiandika mapigano, watu walidai mapigano yao.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Liuli, ufukweni mwa ziwa. Huko ubao wangu ulipendwa, wavuvi waliacha kushona nyavu wakaja kuusoma kwa sauti. Basi Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, Mkurugenzi akashuka kwenye pikipiki, ameinua flashi juu kama kombe.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba! Binti, hii ndiyo sinema baba lao! Mwalimu mmoja wa Songea kaniambia wasomi dunia nzima wanaivulia kofia."

"Ina nini ndani?"

"Ina kila kitu! Nimeonyeshwa picha yake, ina farasi. Mchore anakimbia."

"Sijaionja."

"Muda uko wapi? Watu hao wanakuja! Na wakininunia leo, ubao nampa mpwa wangu."

Nikachora haraka, maana nilikuwa na hamu kuliko wote. Farasi alitoka vizuri, vumbi linaruka miguuni. Banda likajaa hadi madirishani.

Sinema ikaanza. Haina rangi. Mzee amekaa dirishani. Mvua inanyesha, paa linavuja, ndoo inajaa. Nje farasi amesimama. Mzee anamtazama farasi, farasi anatazama ukuta.

Mtafsiri akakohoa kwenye maiki. "Jamani, bado hawajasema kitu."

Nilisubiri uzuri wake uanze. Kwanza nikadhani labda darasa la saba halitoshi kuielewa. Ndoo ilipojaa mara ya pili nikajua: inachosha, basi.

"Kimbia wewe!" mvuvi mmoja akapaza sauti.

"Mwache, kavuta handibreki," mwenzake akajibu.

Mtafsiri akachangamka. "Farasi anasema leo Jumapili, hafanyi kazi!"

Banda zima likalipuka: Kimbia! Kimbia! Hata mimi, niliyezoea kujibana mlangoni, nilipiga kelele. Karibu na mwisho farasi akainua mguu mmoja, akaurudisha chini. Watu wakaruka na kukumbatiana kama timu yetu imefunga bao.

Mkurugenzi akanijia anameremeta. "Umesikia kelele hizo? Kesho tunarudia. Andika: mbio za farasi!"

"Hapana, Mkurugenzi."

Alishtuka. Hakuwahi kunisikia nikikataa.

"Leo wamecheka," nikasema. "Kesho tukiwadanganya tena, nani atausoma ubao wangu? Na sinema yenyewe mbaya."

"Mbaya? Iliyosifiwa dunia nzima?"

"Nimeitazama."

Nikaenda ubaoni, nikafuta vumbi la miguuni mwa farasi, nikaandika polepole, yeye kasimama nyuma yangu: FARASI HAKIMBII. ANAINUA MGUU MMOJA TU. NJOO UMSUBIRI.

Akaninyang'anya brashi. Nikajua kazi imekwisha. Akainama, akaongeza chini kwa mwandiko wake mbovu: WAZEE BURE.

Sasa banda limefungwa, simu zimelimaliza, nami nimestaafu ubao nikiwa bado kijana. Ninaandika majina kwenye boti. Sinema ile siipendi hadi leo, hata isifiwe na nani. Lakini Jumatatu ile watu walijaa kuliko Jumapili, na kila aliyenipita mlangoni aliniita kwa cheo: "Mwandishi, anainua mguu gani? Wa kulia au wa kushoto?"

Sikuwaambia.