Zamu ya Chai

Mke wangu Kerubo anahudumia wazee katika nyumba moja ya kuwatunzia hapa Great Barr, Uingereza. Kazi anaijua, Kiingereza anakijua. Kilichomshinda miaka minne ni utani wa wenzake. Wakicheka, yeye huangalia nyuso zao kwanza ndipo naye acheke, wa mwisho kila mara. Alitamani sana, hata mara moja tu, yeye ndiye awachekeshe.

Jumamosi alirudi kutoka duka la mitumba na DVD: msimu wa tano wa ile komedi ya Kiingereza ya ofisini, ule ambao watu husema ndio ulioharibika. Aliwahi kuuona kazini mwaka wake wa kwanza, wakati wa mapumziko.

"Siku hiyo walicheka huku wakinigeukia," akaniambia. "Nami nikacheka kuwashinda wote. Leo nataka kujua tulikuwa tunacheka nini."

Tukaiweka, maandishi yakipita chini ya picha. Kuna karani mmoja mwenye uso mkavu. Kila siku anapokea chai kwa wenzake, na hajawahi kuwachemshia hata maji. Mwishowe wanamzunguka kumuuliza ana shida gani. Anawatazama, anasema: "Nilidhani bado mimi ni mgeni."

Kerubo akasimamisha picha.

"Baba Angeline, huyo ni mimi."

Kwetu huingii jikoni kwa mtu ukaanza kujipikia. Chai inaletwa na mwenye nyumba. Kazi ya mgeni ni kupokea na kushukuru. Siku ya kwanza kazini, Cheryl, msimamizi wao, alimletea kikombe, basi Kerubo akaamua kwamba jikoni pale ni kwa Cheryl. Kumbe wenyewe wana zamu, kila mtu na siku yake. Miaka yote hiyo mke wangu amewaombea baraka za Mungu, birika hajaligusa.

Nilicheka, nikarushiwa mto.

"Unacheka? Watu nawapenda hivi, na wao wananiona mchoyo!"

Machozi yalikuwa karibu. Kisha akarudisha picha nyuma, akaitazama sehemu ile tena na tena, midomo ikimcheza. Nikadhani anajiadhibu, nikamhurumia bure.

Jumatatu jioni alinionyesha yote jikoni kwetu, kifuniko cha sufuria kikiwa ndiyo trei. Asubuhi hiyo kazini alichemsha maji kabla ya mtu yeyote, akatia majani ya mfuko na tone la maziwa, chai ambayo mimi nisingempa adui yangu. Akaingia chumba cha mapumziko na vikombe vya wote. Cheryl akachukua chake, akakitazama, akamtazama yeye.

"Kerubo! Four years! What happened?"

Mke wangu akakausha uso.

"Oh," akasema. "I thought I was still new."

Basi hapo! Cheryl alijimwagia chai kwenye sare. Mwingine alilala juu ya meza akiipigapiga. Mzee mmoja akachungulia mlangoni kuuliza nani amezaa.

"Na wewe ukacheka?" nikamuuliza.

"Nicheke saa ngapi?" Aliinua kifuniko chake juu, kidevu mbele, na mimi nikajivunia yule mwanamke. "Nilisimama na trei yangu, nawaangalia nyuso."