Mstari Uliopanda Ukutani

Fundi cherehani huyu alifika kwenye ukumbi wa jimnastiki kushona zulia, na mpaka leo hajaondoka. Ni miaka kumi na moja sasa. Zulia la mashindano lililetwa vipande vipande, mita kumi na mbili kwa kumi na mbili kama kanuni zinavyotaka. Ukumbi, uliojengwa na mtu aliyekuwa na mawazo mengine, una upana wa mita kumi na moja na sentimita sabini. Wanaume wanne walilivuta zulia, wakalisukuma, wakalitukana. Fundi akavua futi yake shingoni, akapima, akasema: "Mnahangaika nini? Pandisheni pindo."

Wakapandisha. Sentimita thelathini zikakunjwa na kupigiliwa ukutani, naye akashona mkanda mweupe wa mpaka pande zote nne, wa nne ukipita chini kidogo ya soketi ya umeme. Na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kwa uhakika mpaka umepita wapi, wakampeleka kozi ya siku mbili, wakampa kiti cha pembeni na bendera. Akawa jaji wa mstari.

Kwa wasiojua, msichana hupewa sekunde tisini na muziki usio na maneno. Jopo moja hujumlisha ugumu wa aliyoyafanya, likianzia sifuri na kupanda. Jopo la pili huanzia kumi na kushuka: goti limepinda, hatua ya ziada wakati wa kutua, kidole cha mguu kimelegea, hapo sehemu moja ya kumi, pale tatu, pengine tano. Akianguka, alama nzima. Hesabu mbili zinajumlishwa, na mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango, jaji mkuu huuliza kama kuna bendera. Mguu mmoja nje ya mstari ni sehemu moja ya kumi. Miwili, tatu.

Majaji wengine humtazama msichana. Fundi hutazama mahali ambapo msichana hatakiwi kuwa. Miaka yote hiyo hajaona mpinduko hata mmoja ulivyokwenda hewani. Mjukuu wake mwenyewe, anayefanya mazoezi hapo tangu akiwa na miaka sita, shindanoni humtambua kwa visigino.

Mwaka huu chama cha jimnastiki kikatuma mkaguzi. Ukumbi usiotimiza vipimo ungefutwa kwenye orodha, na mwenye jengo alishampata muuza magodoro wa kuupanga. Ukumbi mwingine uko mwendo wa siku nzima kwa basi. Maana yake mjukuu angeacha jimnastiki akiwa na miaka kumi na minne, na bibi yake angebaki na bendera.

Mkaguzi alifika asubuhi ya shindano na futi ya chuma. Akapima mara mbili.

"Mama, hapa zinapungua sentimita thelathini."

"Hazijapungua, Bwana Mkaguzi. Zimesimama."

"Zimesimama?"

"Hizo hapo ukutani. Kanuni zimesema lazima zilale?"

Mkaguzi akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Hazikusema. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba zingehitaji kusema.

"Nitaandika uamuzi baada ya shindano," akasema. "Nataka nione huo mstari wenu unafanya kazi au ni pambo."

Kocha akamvuta fundi kando. "Mama Fundi, nakuomba. Leo bendera ilale. Ukiinyanyua, wote watageuka kutazama ukuta."

"Mwanangu, ukuta haujifichi."

"Lakini tusiunyooshee kidole!"

Mjukuu aliingia wa mwisho. Aliruka vizuri, nadhani. Bibi hawezi kuthibitisha. Mpinduko wa mwisho ulimleta pembeni, kwenye ukuta. Akatua, akayumba, akarudisha mguu mmoja nyuma, na kisigino kikapanda ukutani, kikapita mkanda mweupe, kikaacha alama ya chaki wanayojipaka miguuni wasiteleze. Kisha akanyoosha mikono na kutabasamu kama mtu aliyekusudia.

Fundi aliitazama ile alama kwa muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Kocha akamtikisia kichwa toka upande wa pili. Bendera ikanyanyuka.

Mkaguzi akaja haraka. "Umenyanyua kwa nini?"

"Katoka."

"Katoka kaenda wapi? Nyuma yake kuna ukuta!"

"Katoka kwa juu."

"Kwa kiasi gani?"

"Vidole viwili."

Mkaguzi akapiga magoti, akapima alama ya chaki. Sentimita nne. Akatazama vidole vya fundi, akatazama futi yake ya chuma, akasimama pole pole.

Ugumu ulikuwa nne nukta moja, utekelezaji saba nukta sita. Jumla kumi na moja nukta saba, sawasawa na upana wa ukumbi. Ikatolewa sehemu ya bendera, na mjukuu aliyekuwa wa pili akawa wa tatu.

Ripoti ya mkaguzi ina mistari mitatu. Mstari wa mpaka upo na unasimamiwa hata dhidi ya ndugu wa damu. Kwa hiyo sakafu ina mita kumi na mbili, sehemu yake ikiwa wima. Ukumbi ubaki kwenye orodha, kwa sharti kwamba jaji wa mstari asibadilishwe.

Walipofika nyumbani, bibi akakaa kwenye cherehani kumlegezea vazi la mashindano, maana mabega yamekua.

"Bibi, nakata rufaa."

"Bendera haikatiwi rufaa. Hukatiwa alama za ugumu peke yake."

"Basi ni ya ugumu."

"Ugumu wa nini?"

"Wa kuwa mjukuu wako."

Cherehani ikasimama. Fundi akavua miwani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama binti juu ya visigino.

"Imekubaliwa," akasema. "Nusu alama. Leta bega hilo nilipime."