Sebule ya Mzee Chungwa

Shemeji yangu ni fundi wa makochi. Ukipita mtaani kwetu huwezi kumkosa: mzee mwembamba, shati lenye kola inayokaribia mabega, suruali ya bugaluu iliyombana mapajani ikafunguka chini mpaka ikameza viatu. Vijana humcheka, kisha wanamwomba wapige naye picha. Mtaa mzima unamwita Mzee Chungwa, kwa sababu ya rangi, wala si tunda. Mimi ni mdogo wa mkewe, kwa hiyo nina haki kamili ya kumtania, na haki hiyo siichezei.

Ujana wake ulikuwa miaka ya sabini, na kwa maoni yangu hajatoka huko. Alipoanza kazi kwenye karakana, tajiri wake alikuwa na vitabu vya mitindo vyenye michoro ya sebule. Humo kulikuwa na wanawake wa miguu mirefu na vichwa vidogo, nywele za afro zimetanda, wamejinyoosha kwenye makochi ya rangi ya chungwa chini ya taa zenye umbo la uyoga. Akavikodolea macho vitabu vile, na mpaka leo hawezi kukata kitambaa kabla hajachora. Ukiwa na kochi lililochakaa, anakuja kwako na karatasi na penseli za rangi, anakaa, anakuchora wewe na chumba chako kama mtakavyokuwa kazi ikiisha.

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Uwe mnene, uwe mfupi, kwenye karatasi utatoka na afro na bugaluu. Mwalimu mkuu mmoja aliagiza kiti cheusi cha ofisini. Akachorwa amekunja nne, viatu vya soli nene kama tofali, na nywele ambazo mwenyewe hajaziona tangu aoe. Aliutazama ule mchoro, akaukunja taratibu, akasema kiti kikiwa cha rangi ya chungwa pia hakuna neno. Nasikia ameutundika nyuma ya meza yake, na wazazi wanauliza kama ni mdogo wake.

Lakini ukitaka kuona makubwa, ingia sebuleni kwake. Ukuta mmoja ameuchora kwa mkono maduara makubwa, chungwa ndani ya kahawia, kahawia ndani ya manjano. Taa ya uyoga ipo. Zulia la kahawia lina manyoya marefu, ukiangusha sindano umeiaga. Na katikati yake kipo kiti cha dada yangu, kifupi, kipana, cha rangi ya chungwa inayopiga kelele. Kila tukimwambia shemeji abadilishe, dada ndiye anayemkingia kifua.

"Mwacheni," atasema. "Mimi naipenda hivi hivi."

Basi shemeji anavimba kichwa wiki nzima.

Wana binti mmoja, ambaye hupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Kule kila kitu ni cheupe na kijivu, na yeye anaona dunia yote ingependeza ikiwa hivyo. Mwaka huu akaja na shauri la kuipamba upya sebule ya wazazi wake, kwa gharama zake. Nikamuunga mkono kwa mikono miwili. Tulijiandaa kwa vita, lakini baba yake alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa."

Sawa hiyo ilinikosesha raha. Nikamfuata karakanani.

"Shemeji, unaumwa?"

"Siumwi." Alikuwa anashona foronya za kijivu za viti vyake mwenyewe. "Hivi dada yako ameshawahi kuchagua kitu chochote mle ndani?"

Nikafikiri. "Sikumbuki."

"Hata mimi sikumbuki. Nimemkalisha kwenye ndoto zangu miaka yote. Huenda ananivumilia tu. Acha naye apate sebule kama ya wenzake, afurahi."

"Na wewe?"

"Nitazoea," alisema, akainamia cherehani. Nilimwonea huruma, na nikampenda, jambo ambalo sikumwambia.

Tulikula njama iwe zawadi ya ghafla. Jumamosi, dada alipojilaza baada ya chakula cha mchana, tukaanza kazi kwa kunyata. Tukakunja zulia, tukatandika jipya la kijivu. Viti vyote vikavishwa kijivu, cha dada pia. Kuta tuliwaachia mafundi rangi, watakuja kesho yake. Shemeji alifanya kila alichoambiwa bila kunung'unika, ila taa ya uyoga aliibeba nje kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Dada akatoka chumbani. Tulijipanga ukutani, binti ameshika simu apige picha ya furaha. Dada akapiga hatua mbili, akasimama.

"Kiti changu mmekipeleka wapi?"

Kiti kilikuwa mbele yake, karibu kumgusa magoti. Binti akacheka.

"Mama naye kwa utani. Si hicho hapo."

Dada hakucheka. Alinyoosha mkono chini, akapapasa hewani, kushoto, kisha kulia, mpaka vidole vikaukuta mgongo wa kiti. Akaushika kwa mikono miwili. Binti akateremsha simu.

"Tangu lini?" shemeji akauliza.

"Muda sasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Humu ndani nilikuwa naona. Yale maduara nayaona, najua ukuta uko wapi. Chungwa naliona, najua hapo ni pa kukaa. Shida ni huko nje." Akatugeukia. "Na nyuso zenu. Siku hizi mpaka mwongee ndipo nawajua."

Nilikuwa nikiingia nyumba ile kila siku, na kila siku nilikuwa naanza na kelele zangu tangu mlangoni, nikidhani ananichangamkia mimi, kumbe alikuwa anaisubiri sauti.

Shemeji alipiga magoti na kuanza kuifumua foronya aliyoishona mwenyewe. Mkasi ulikuwa mbali, akatumia meno. Binti alikunja zulia la kijivu huku analia. Rangi ya chungwa ilipotokeza yote, dada akazunguka kiti bila kupapasa, akaketi.

"Kwa hiyo sebule yangu hukuipenda," shemeji akasema, bado yuko sakafuni.

"Nakupenda wewe. Sebule ilinitia kizunguzungu miaka kumi ya kwanza."

Tulicheka sote, naye shemeji akacheka mpaka akafuta macho.

Daktari wa macho amempa dada dawa ya matone. Alisema wazi kwamba kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Shemeji naye akashika brashi, na tangu hapo hashikiki. Vizingiti vya milango ni chungwa, ukingo wa ngazi ni chungwa, mpini wa birika, kisahani cha sabuni, hata kamba ya kuanikia nguo. Binti mwenyewe ndiye anayemnunulia rangi.

Juzijuzi shemeji akanipa blauzi aliyonishonea. Chungwa tupu, kola pana, mikono inapepea. Nilimwambia upepo ukivuma nitapaa.

"Vaa ukija kwetu," alisema.

Naivaa. Watoto wa mtaani wananifuata wakiimba, wenzangu wananiuliza kama nimechanganyikiwa, nami napita zangu kola juu. Nikifungua geti nafunga mdomo makusudi. Dada anakuwa ameketi kibarazani, anageuza uso, anatabasamu.

"Karibu, mdogo wangu," anasema.