Msungo wa Nyumba Yetu

Mwezi wa sita uliopita, nyumbani kwetu Kiswere, nilitolewa chumbani pamoja na watoto wanaonyonya vidole. Mimi ni mtu mzima mwenye cherehani yake pale Nangurukuru, na gauni la sherehe lililotandazwa kitandani nilikuwa nimelishona mwenyewe, kuanzia kola mpaka upindo. Lakini kungwi, yule bibi anayewafunda wasichana wa kijiji chetu, alinitazama akasema, "Mwanangu, tupishe. Haya si ya msungo."

Msungo ni mwanamke ambaye hakuchezwa unyago. Hata awe na mvi, mlango ukifungwa kwa mambo ya kikubwa yeye huhesabiwa mtoto. Nikatoka, nikakaa jikoni na wale wanyonya vidole kumenya vitunguu, huku moyo unanichemka kuliko sufuria ya pilau.

Aliyekuwa anachezwa ni binti wa mdogo wangu. Huyu mdogo wangu ni mtoto wa mama mdogo. Aliletwa kwetu kutoka Kilwa Kisiwani akiwa bado hajui kufunga vifungo, ili asome. Tulilala kitanda kimoja na kula sahani moja. Nimemzidi miezi tu, lakini nimemzidi, na nilitaka jambo hilo liheshimiwe. Halikuheshimiwa. Yeye ndiye aliyevunja ungo kwanza.

Tulikuwa kidato cha kwanza. Likizo ilipofika mama akatangaza kwamba mtoto anachezwa, na mtoto mwenyewe si mimi. Akawekwa ndani, akasuguliwa liwa mpaka akang'aa, akapikiwa kuku, nami nikatumwa kuni. Wanawake walipokuwa wakiimba nilibandika sikio ukutani, shangazi akanikimbiza na mwiko. Siku alipotolewa nje alivaa kanga mpya na hereni, watu wakamtuza na kumpigia vigelegele. Mimi nilisimama nyuma yao nikiomba mvua inyeshe. Mwezi wa sita hainyeshi kwetu, na haikunyesha.

Usiku wa kwanza aliporudi kitandani nilimuuliza, "Wamekufundisha nini?"

"Siwezi kukwambia. Wewe bado."

Hiyo "wewe bado" iliniunguza mwaka mzima. Wanawake wakianza mazungumzo yao, yeye alibaki na mimi niliambiwa nikaangalie kuku. Wanaume nao walikuwa wameisikia ngoma. Ngoma ile inautangazia mji mzima kwamba binti amekua, lakini haitangazi kwamba Jumatatu anavaa sare.

Mwaka uliofuata mwalimu wa biolojia alifika kwenye sura ya uzazi. Akatutazama wasichana, akaona haya. "Haya mengine makungwi wenu wameshawafunda," akasema, akatuambia tufungue sura inayofuata. Wasichana waliochezwa wakachekea viganjani kama watu wenye siri, na mdogo wangu alicheka nao. Nilimwonea wivu hata kile kicheko.

Msimu wa korosho ulipoanza akapata mtu. Alikuwa kijana mgeni aliyekuja kupakia magunia kwenye malori, mwenye pikipiki ya kuazima. Shule ilikuwa mbali na tulikwenda kwa miguu. Ghafla mwenzangu akawa anafika kabla yangu, miguu haina vumbi. Jioni alirudi na chipsi za Nangurukuru zilizokwisha poa. Alinipa nusu, nikala kwa hasira mpaka ya mwisho. Nilijiuliza yeye ana nini ambacho mimi sina, na jibu langu lilikuwa moja tu: amefundwa.

Malori yalipoondoka na korosho, kijana naye aliondoka. Tumbo likabaki.

Wakati huo ukipata mimba shule ilikuwa imekwisha, hakuna cha kurudi. Nyumbani kukawa na vita. Baba alisema unyago ndio uliomharibu. Kungwi akaja barazani, akajibu kwamba yeye amefunda wanawake wa kijiji kizima na hawakuharibika; shule ndiyo imemharibu. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mdogo wangu alikuwa amekaa palepale, mgongo ukutani, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anajua nini na nini hajui. Mwisho baba akaapa kwamba katika nyumba yake hachezwi mtu tena.

Mwezi uleule mimi nikavunja ungo. Nilipewa vitambaa, nikaambiwa nijitunze, basi. Hakukuwa na kuku wala hereni. Ndivyo nilivyobaki msungo.

Uchungu ulipomshika ulikuwa mkubwa kuliko mwili wake. Walimkimbiza Lindi akapasuliwa, na tulikaa siku kadhaa hatujui tutamzika au tutampokea. Alirudi mwembamba, anatembea ameinama, na mtoto wa kike kifuani. Mama alimpikia supu na uji wa pilipili manga. Ndiyo, niliuonea wivu hata uji. Nilimwonea wivu na yule mtoto, aliyekuwa akilala mahali pangu kitandani.

Kisha Jumapili moja nikamkuta mdogo wangu anapiga pasi sketi yangu ya shule. Sikumwomba. Aliipiga pasi ya mkaa taratibu, rinda mojamoja, halafu akaipima kiunoni kwake akajitazama. Haikumzunguka; tumbo la uzazi lilikuwa bado halijarudi. Hakujua niko mlangoni. Aliikunja, akaiweka juu ya begi langu, na tangu siku hiyo alifanya hivyo kila Jumapili mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hatukuwahi kulizungumza. Nilijua tu kwamba wivu nyumbani mwetu sasa una wenyewe wawili.

Siku hizi msichana akijifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Baadhi yao huja kwangu niwatanulie sketi, maziwa yakiwalowesha blauzi, nami huwapimia kiuno huku nawaonea kijicho kwa niaba ya mdogo wangu. Yeye anakaanga samaki na kuuza, na mwanawe yuko sekondari. Mimi Mungu hajanijalia mtoto, kwa hiyo huyo wa kwake nimejimegea nusu bila kuomba.

Ndiyo maana niliposikia kwamba naye anachezwa nilikuja juu. "Umesahau?" nilimuuliza.

"Sijasahau, dada. Ndugu zangu wa Kisiwani wanaitaka ngoma, na mtoto mwenyewe anaitaka. Mwache achezwe."

Nikaapa kimoyomoyo kwamba mtoto yule hataingia chumba kile bila kuambiwa kitu, kama mama yake. Nitamwambia mwenyewe. Alipokuja kupima gauni nilifunga mlango, nikabana pini midomoni, nikaanza kuzunguka: unajua, mwanangu, msichana akishakua...

"Mama mkubwa," akanikatiza, "unataka kunieleza habari za mimba?"

Nikatoa pini.

"Mama alishanieleza. Tangu darasa la sita. Tukikaa kukaanga samaki huwa anarudia." Akaanza kunitajia, mikono juu ili pini za gauni zisimchome: kwamba mara ya kwanza tu yatosha kushika mimba, wala asimwamini anayesema haitoshi, kondomu ni kitu gani, zahanati anaweza kuingia kuuliza na asione haya, mwanaume akimpa lifti, jioni ileile amwambie mama, na mama hatampiga. "Mpaka kovu la tumboni amenionyesha. Akaniambia na habari za yule wa korosho."

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, na nafasi ile nayo ilikuwa imeshachukuliwa. Nikamalizia upindo.

Kesho yake ndiyo nikatolewa nje, nikawa na vitunguu vyangu. Nyimbo zilipoanza, mlango ulifunguliwa, mdogo wangu akatoka, akaja kukaa karibu yangu na kisu.

"Unaikosa ngoma ya mwanao," nikamwambia.

"Naijua."

Tukamenya. Halafu likanitoka lile swali la miaka yote. "Mwaka ule, mle ndani, walikufundisha nini?"

Alicheka kidogo. "Kuamkia. Kunyamaza. Kumtandikia mume. Kufua vitambaa watu wasione. Ya mimba, kungwi alisema tutafundishwa shule."

"Na siri hiyo ukaninyima."

"Hakukuwa na siri, dada. Ningekwambia nini? Nilikuwa sijui kitu."

Ndani wakapiga vigelegele. Nilimfikiria yule mtoto ndani ya gauni langu, anafundwa kunyamaza, na mama yake ameshamwambia aseme.

"Namwonea wivu mwanao," nikasema.

Mdogo wangu akachukua kitunguu kingine.

"Hata mimi," akasema.