Kovu la Jicho Langu na Pindo la Gauni la Harusi

Wajukuu zangu, niliwahi kugombeza sanamu.

Lile la kuvalishia nguo, dukani kwangu. Nimelikaribisha kiti, kimya. Nimeliuliza linashonesha nini, kimya. Nikaliambia kama umekuja kununa, kanune kwenu.

Mjukuu wangu alicheka hadi akakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Yeye ndiye aliyekuwa anaolewa, na gauni namshonea mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Sindano ilikatika, ikaruka, ikanichana kioo cha jicho la kulia. Kidonda kikapona, kovu likabaki. La kushoto ni bovu tangu utotoni. Basi, dunia yote ukungu.

Gauni nililishona kwa kupapasa. Uzi mweupe hukaa pembeni mwa kopo langu la nyuzi miaka yote, mkono unaujua. Ila nilitaka nilione kabla halijavaliwa. Hilo tu.

Binti yangu alishatangaza mtaa mzima kwamba napigwa leza, nitatoka naona hadi nyuma ya ukuta.

Hospitalini daktari alimulika jicho, akamulika tena, akasogeza kiti.

"Bibi, leza inakwangua juu juu. Kovu lako limezama. Nikilifuata huko chini, kioo kitabaki chembamba mno."

Binti yangu akauliza kama haiwezi kuongezwa moto kidogo, kama pasi. Daktari akasema hapana. Kupandikiza kioo kingine kupo, ila foleni ni ndefu. Kwanza tujaribu lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho, maana kovu halijaziba katikati, linanisumbua zaidi kwa mabonde yake, na lenzi huyafunika.

Nilirudi nimenuna kuliko sanamu.

Lenzi ikaja. Ikawasha kama mchanga. Nikafumbua jicho taratibu.

Jamani. Nikaona vifungo. Nikaona shanga. Nikaona pindo zima la gauni jeupe limeshonwa kwa uzi wa njano.

"Nani kagusa kopo langu?"

Mjukuu akainama. Alilipanga upya ili kunisaidia. Kosa aliliona siku ileile, akalimeza asiniambie.

Nikachukua mkasi nifumue. Akanishika mkono.

"Acha, Bibi. Jeupe tupu kila mtu analo."

Siku ya harusi wageni wakaniuliza mtindo ule unaitwaje. Nikawajibu nashona kwa oda tu.

Kovu bado lipo. Wewe mwenye lako, uliza limezama kiasi gani kabla hujaitangaza leza mtaani. Ikishindikana, usitoke mlangoni bila kuuliza kuna nini kingine.

Na kopo la fundi usilipange.