Njia ya Sekela Katikati ya Mahindi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, nikaingia kliniki ya wajawazito mjini Tukuyu nikijiona nusu daktari. Muuguzi Mfawidhi, yaani mkuu wa wauguzi wote pale, wala hakuliangalia gauni langu. Alinikabidhi ndoo ya maji na kikombe.

"Hawa wametembea tangu alfajiri," alisema. "Wape maji, wapumzike, ndipo uwapime presha. Ukimpima mtu anayehema utaandika uongo kwenye kadi."

Nilinuna. Nilikuwa nimesomea ukunga, si kugawa maji. Lakini yule mama ndiye aliyenifundisha kazi, na presha nilizoandika mimi hakuna daktari aliyewahi kuzirudia kwa mashaka. Hilo nalisema kwa kujisifu, na nina haki.

Kutoka hapo nilihamishiwa Ikuti, nikazoea kusikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kile kibomba cha mbao, sikio moja kwenye kibomba na vidole kwenye mkono wa mama. Kisha nikapelekwa zahanati moja ya milimani kusimamia huduma za mama na mtoto. Huko ndiko nilikokutana na Sekela, na huko ndiko nilikokosea.

Sekela alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hii aliibeba kwa hofu. Alikuja akipiga chafya mfululizo, macho mekundu, pua imeziba, usiku hapati usingizi. Nikamwambia ni mafua ya baridi yetu, anywe vya moto. Akarudi, nikamwambia hivyo hivyo. Mara ya tatu presha yake ilikuwa imepanda. Nilimpumzisha, nikampima tena, haikushuka.

"Umekula dawa gani, mwanangu?" nilimuuliza.

Alifungua pindo la kitenge chake. Ndani mlikuwa na vidonge vya mafua alivyonunua duka la dawa bila kusema kwamba ni mjamzito. Vilikuwa na dawa ya kuzibua pua, ya aina inayoweza kupandisha presha, na ya maumivu isiyofaa kwa mimba kubwa.

"Mama, nimemuua na huyu?" aliniuliza.

Nilisikiliza moyo wa mtoto kabla ya kumjibu. Ulikuwa unapiga vizuri. Siku hiyo hiyo nilimpeleka kwa Mganga Mfawidhi wa kituo cha afya, mzee mkali aliyependa kuuliza kuliko kueleza.

"Ana homa?"

"Hana."

"Macho yanawasha?"

"Sana."

"Sasa mafua gani hayo, Sista? Huu ni mzio wa chavua, ule unga wa maua. Pua inaukataa."

Niliona aibu mpaka masikioni. Alimsimamishia vile vidonge, akampima mkojo kuhakikisha presha haina sababu nyingine, akamchagulia dawa ya mzio inayofaa kwa mjamzito, akaagiza niwe nampima presha mara kwa mara. Mimi nilimfundisha kusafisha pua: robo kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Presha ikashuka. Lakini chafya zilipungua kidogo tu, na Sekela akaanza kuwaza kurudi dukani kwa siri. Aliniambia mwenyewe. Nikaona nimfuate nyumbani.

Tulikuwa tunatoka kisimani, ndoo nimeibeba mimi, alipochepuka ghafla akaingia kwenye mahindi na kuchutama. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, na ule unga wa njano ukammwagikia kichwani. Mbele yetu, kando ya njia, baba mkwe wake alikuwa ameketi kwenye kigoda akichonga mpini wa jembe.

Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana haonani na baba mkwe, na anayekwepa ni mwanamke. Mzee alikaa pale kila siku. Kwa hiyo kila safari ya maji Sekela alipita katikati ya mahindi, kwenda na kurudi. Mimi Mnyakyusa, mwenye mkwe wangu mwenyewe niliyemkwepa miaka yote, sikuwahi kumuuliza anapita wapi.

Nilimwendea mzee peke yangu. "Mugonile, tata," nilimwamkia, nikamweleza yote. Alichonga mpini wake muda mrefu.

"Hapa ndipo ninapowaona ng'ombe wangu," alisema.

"Najua, tata."

"Nitakaa nyuma ya nyumba mpaka mahindi yakauke. Ila asijue kwamba ulikuja kuniomba. Ataona haya."

Alihamia nyuma, upande wa baridi usio na jua. Sekela akaanza kupita njiani kama watu wengine, na ndani ya wiki akawa analala. Alijifungua salama mtoto wa kike, na kilio chake nilikisikia nikiwa nimeshika mkasi wa kitovu. Nilifurahi mno.

Sasa nimestaafu, naishi Bulyaga, na wauguzi vijana hunipigia simu kuuliza mjamzito mwenye mzio apewe nini. Dawa namwachia daktari. Mimi nawaambia: mwulizeni alichokwisha kumeza, kisha nendeni mkaone anapopita.

Siku ya kuniaga walisema wakubwa wengi. Mwishoni alisimama yule mzee wa kigoda, baba mkwe wa Sekela, amezeeka sana, mjukuu wake akimshika mkono. Tulidhani atahutubia mpaka jioni.

"Ndaga, Sista," alishukuru. "Sitasema mengi. Mama yake huyu mtoto amesimama nje juani, anasubiri nitoke ndipo aingie kukushukuru."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, haraka kadiri miguu yake ilivyomruhusu.